Uzito wa Nyumba Uko Jikoni

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti wa kikoba chetu cha kuweka na kukopa, katibu na mwekahazina, ustaadh uliyetufungulia kwa dua, baba zangu, mama zangu, wenzangu wa Makorora hapa Tanga na nyie mliotoka Ngamiani na Mabawa kuja kutushuhudia: assalaam aleikum. Na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Leo tunavunja kikoba. Sanduku litafunguliwa, kila mtu atapata chake, na najua fedha nyingi zimeshapangiwa kazi: yupo mwenye ada, yupo mwenye bati, yupo mwenye harusi ya mwanawe. Sitawachelewesha sana. Lakini mwenyekiti aliponifuata aliniambia, "Mwalimu, tuzungumzie mazingira," nami nimefundisha sayansikimu, yaani somo la mapishi na utunzaji wa nyumba, miaka 31. Siwezi kusimama mbele ya watu wazima nikaishia kuwaambia pandeni miti. Miti tumeambiwa tupande tangu sijaolewa. Nataka tuzungumze nyumba. Kwanza yangu, kisha yako.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, nilichukua daftari la mjukuu wangu lililobaki kurasa, nikalitundika kwa uzi kwenye ukuta wa jikoni. Kila kilichoingia nyumbani nikakiandika, na kila kilichotoka. Mkaa makopo mangapi. Umeme wa LUKU uniti ngapi. Chupa na mifuko. Chakula kilichomwagwa. Safari za bodaboda. Nyumbani tuko watu sita. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kila jioni baada ya isha, na kwa mwezi mmoja sikubadilisha kitu, niliandika tu.

Nilitegemea kukuta plastiki, kwa sababu ndiyo inayoonekana, inayopepea uani na kunasa kwenye michongoma. Nilichokikuta ni mkaa. Makopo mawili kila siku, na siku ya mbaazi au maharage matatu. Nilipoyapima kwenye mizani ya jirani yangu muuza duka na kuyajumlisha, yalitimia kilo 60 na ushee kwa mwezi.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Tanuri la mkaa la kienyeji mnalijua: magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, yanawashwa na kuachwa yaungue kwa kunyimwa hewa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti inaondoka na moshi palepale porini, kabla gunia halijafungwa. Ili upate kilo moja ya mkaa kwa tanuri hilo, mara nyingi umekata kilo sita mpaka kumi za mti. Kwa hiyo zile kilo 60 zangu ni kilo 360 za mti kwa uchache, na huenda 600. Mwezi mmoja. Nyumba moja yenye sufuria nne. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto wenu kutunza mazingira.

Na siko peke yangu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya zaidi ya nne katika kila tano nchini hupikia kuni au mkaa. Ndiyo maana serikali ikazindua mwaka 2024 ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Miaka kumi si mingi kwa jambo kubwa kama hilo. Halitatimia Dodoma. Litatimia au litakwama kwenye majiko ya uani, kama langu na lako.

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba, nami nimeusema msemo huo darasani mara nyingi. Lakini nimeona watu wenye nia njema wakihangaika kuzima taa ya sebuleni ambayo, kama ni ya kisasa, inakula wati tisa tu, huku nje maharage yasiyolowekwa yanatokota tangu saa nne asubuhi mpaka adhuhuri. Taa izime, ni vizuri. Ila pima kwanza ujue uzito wa nyumba yako uko wapi, ndipo uweke nguvu zako hapo. Kwangu mimi, na nadhani kwa wengi humu, uko jikoni.

Niruhusuni niseme la mama yangu. Marehemu mama alikuwa mkaanga samaki Sahare. Alitulea kwa karai. Kuni zake zilikuwa za mikoko, mkandaa hasa, kwa kuwa zinashika moto na hazina moshi mwingi kama nyingine, au ndivyo tulivyoamini. Sikumwona mama akivuta sigara hata siku moja, lakini miaka yake ya mwisho alikohoa kama mvutaji wa miaka 40. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya ndani ya nyumba, na humo wamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 230,000. Nikiisoma tarakimu hiyo namwona mtu mmoja tu, amekaa kwenye kibao, macho mekundu, anageuza changu.

Na kuna jambo jingine nililolijua nikiwa mtu mzima. Mikoko ile ndiyo malezi ya samaki. Vifaranga vya samaki na kamba wadogo hujificha kwenye mizizi yake mpaka wapate nguvu ya kutoka kwenda bahari kuu. Tope la chini yake limehifadhi hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto la dunia, kwa mamia ya miaka, na kila eka yake imehifadhi nyingi kuliko eka ya msitu wa nchi kavu. Mama alikuwa anachoma nyumba ya samaki ili akaange samaki. Hakuambiwa na mtu. Sisi tumeambiwa.

Basi nilifanya nini? Mwezi wa kwanza wa mabadiliko sikununua kifaa chochote. Nilirudi kwenye mambo niliyokuwa nikiyafundisha na kuyaacha shuleni.

Nililoweka. Mbaazi, maharage, mahindi ya makande, vyote vinalala kwenye maji usiku kucha. Nilifunika sufuria, na mfuniko uwe unaokaa, si sahani ya bati inayocheza. Na nilipunguza moto baada ya kuchemka. Hili la tatu ndilo gumu kuaminika, kwa hiyo nitalieleza. Hapa Tanga tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Yakishachemka, hata ukiongeza mkaa wa gunia zima, hayatapanda kufika 110 kwenye sufuria ya kawaida. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu, nawe unaongeza maji, na maji hayo nayo yanataka moto. Maharage hayajui kama yanatokota kwa fujo au kwa utulivu. Yanaiva kwa muda uleule.

Kisha nikatengeneza kapu la joto. Nilichukua kapu kubwa la ukili, nikashona vigodoro vya usufi kwa kanga chakavu: kimoja cha chini, kimoja cha kuzunguka, kimoja cha kufunika juu. Mbaazi zilizolowekwa nazichemsha vizuri dakika 15, naipua sufuria na mfuniko wake ikiwa bado inatokota, naitumbukiza kapuni, nafunika. Naenda sokoni Mgandini, naswali, naongea na watu. Baada ya saa tatu au nne zimeiva, bado za moto. Zikitiwa tui nazirudisha motoni zichemke tena, basi. Wali vilevile: ukishachemka na maji kukaribia kukauka, unamalizikia kapuni, na hauungui. Kapu hilo liko pale mlangoni, mama zangu, mkitoka lishikeni mlione.

Na msiudharau ujuzi wa bibi zetu. Kupalia makaa juu ya mfuniko, kwa mfano, ni njia ya kupata moto wa juu na wa chini kwa makaa machache yaleyale. Na vifuu vya nazi, ambavyo nilikuwa nikivitupa jalalani huku nikinunua mkaa, vinaungua vizuri. Nyumba ya Tanga inakuna nazi karibu kila siku. Hebu fikirini vifuu vingapi.

Kwa hayo tu, daftari lilionyesha mkaa umeshuka kutoka kilo 60 hadi 41. Sikutoa hata shilingi.

Hatua ya pili iligharimu. Nilikopa hapahapa kikobani nikanunua presha kuka ya umeme. Najua minong'ono: umeme utakumaliza. Mimi pia niliogopa, ndiyo maana niliandika. Kifaa kile kinafunga mvuke ndani, joto linapita zile nyuzi 100, na kikishapata joto kinajizima na kujiwasha chenyewe. Sufuria ya mbaazi haimalizi uniti moja. Kwa sisi tunaolipa bei ya kawaida, uniti moja ya LUKU pamoja na makato yake wakati huo ilikuwa kama shilingi 356. Mwezi mzima matumizi yangu yaliongezeka uniti 22, sawa na kama shilingi 7,800, na mkaa ukashuka mpaka kilo 17. Kila anayenunua mkaa kwa kopo hapa ajifanyie hesabu yake, kilo 24 zingemgharimu kiasi gani.

Na umeme huo unatoka wapi? Wa kwetu mkoani unazalishwa na maji ya Mto Pangani, kule Hale na kwenye maporomoko ya Pangani. Kitaifa kuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na gesi asilia ya kusini. Kwa hiyo ukipika kwa umeme leo, sehemu kubwa ya moto wako ni mto unaopita. Sisemi hauna doa. Nasema ukiupima na kilo 360 hadi 600 za mti kila mwezi, doa lake ni dogo mno.

Gesi ya mtungi nayo niizungumze kwa ukweli. Wapo watakaowaambia ni safi moja kwa moja. Si hivyo, ni zao la mafuta, inaletwa kwa meli, na ikiungua inatoa hewa ukaa. Lakini haina moshi unaoua kifua, wala haikati mti. Mwenye mtungi wa kilo sita asione aibu kuutumia, hata kama umeme ungemfaa zaidi. Tatizo nililoliona kwenye nyumba zetu ni kwamba mtungi umewekwa kwa ajili ya chai na kupasha, na maharage yameachiwa mkaa, wakati maharage ndiyo yanayokula moto. Yaloweke, na mtungi utayamudu.

Hapo kuna baba ataniambia ugali wa gesi hauna ladha, na pilau isiyopaliwa si pilau. Baba zangu, pilau ya Idi ipalieni. Siku mbili kwa mwaka haziumalizi msitu. Ninachokizungumzia ni chai ya kila asubuhi, maji ya kuoga ya kila jioni, mbaazi za kila wiki. Na naomba nyie mnaosema habari ya ladha mkae jikoni wiki moja mpulize moto wenyewe, kisha tuizungumze ladha.

Sasa niguse maji. Bomba letu linaanzia Usambara Mashariki. Misitu ya Amani inanasa mvua na ukungu, maji yanateremka Mto Zigi, yanaingia bwawa la Mabayani, ndipo yanafika Makorora. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa umma kwa kazi zinazojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, na mji wetu ukazungumzwa nchi nzima. Nilifurahi. Lakini mabomba hayazai maji. Mkulima wa kule Zigi anaombwa asilime mpaka ukingoni mwa mto, aache miti, ili mimi huku chini nifungue koki. Siwezi kumtaka yeye alinde miti huku mimi nanunua makopo mawili ya mkaa kwa siku. Mkaa wangu hautoki Amani, mwingi unashuka kutoka wilaya kama Handeni na Kilindi. Hata huko kuna vijito, na kuna watu wanaovitegemea. Nyumbani kwangu maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi tena, yanakwenda kwenye mchicha.

Chakula. Hapa nitasema jambo ambalo huenda likamuudhi mtu, na anisamehe. Shughuli zetu zinamwaga chakula. Sinia la pilau linarudi nusu, linakung'utwa kwenye ndoo, ndoo inakwenda jalalani. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira limekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani zaidi ya bilioni moja za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Si hotelini, majumbani. Chakula kikifukiwa chini ya lundo la dampo kisipate hewa, kinaoza na kutoa gesi ya methani, ambayo hulipasha joto anga kupita hewa ukaa mara nyingi. Na kabla ya kuoza kwake kuna maji, mbolea, lori na ule mkaa uliokipika, vyote vimepotea pamoja nacho.

Dawa yake tunayo. Pakua kidogo, ongeza anayetaka. Kamati ya chakula itaje mapema nani atapelekewa kitakachobaki: madrasa, wagonjwa, majirani waliobaki nyumbani. Kiporo kisionewe haya. Wali wa jana na mchuzi wa papa ni kifungua kinywa cha heshima. Machicha ya nazi wape kuku. Maganda ya muhogo na ya ndizi wape mbuzi, na kama huna mbuzi chimba shimo la mboji nyuma ya nyumba, changanya na majani makavu na jivu kidogo. Langu nalifunika kwa makuti. Halinuki, na tangu nianze sijanunua mchicha.

Plastiki nitapita upesi, kwa kuwa sheria ipo na mnaijua. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kubebea imepigwa marufuku, na mtumiaji tu anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000. Tuliitikia vizuri, kisha vile vifungashio laini vikarudi sokoni kimyakimya kufanya kazi ya mfuko. Kataa. Beba kapu. Mji huu ulibeba samaki kwa pakacha la makuti vizazi na vizazi, na pakacha likichakaa lilikuwa kuni au mboji. Ila naomba kwa uchungu mtu asichome plastiki uani. Asubuhi tunafagia vizuri, tunakusanya, kisha tunatia kiberiti majani, chupa na nepi za kutupa kwa pamoja, na watoto wanasimama kandokando wanauangalia moto. Moshi ule una sumu inayokaa mwilini. Chupa zikusanye kwenye kiroba, wapo vijana wanaozinunua kwa kilo.

Na baiskeli. Wageni wakija Tanga jambo la kwanza wanaloshangaa ni baiskeli zetu, mama aliyevaa baibui anakanyaga taratibu, kapu limefungwa nyuma. Mji wetu ni tambarare kama sinia. Mimi nilikwenda kazini kwa baiskeli miaka yangu yote ya ualimu, na goti hili linalonibeba leo nalishukuru kwa hilo. Vijana sasa wanapanda bodaboda kutoka Barabara ya 4 kwenda ya 12. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa, na nauli yenyewe inaumiza. Daftari langu lilinionyesha safari 19 za bodaboda kwa mwezi ambazo mjukuu wangu angeweza kukanyaga. Tumeitengeneza baiskeli ya babu yake, matairi mapya na breki mpya, na sasa anaidai iwe yake.

Nimalizie na lililonileta. Mwenyekiti, naomba lijadiliwe kabla ya mgao, si baada, kwa kuwa fedha ikishafika mkononi ina miguu. Naomba kikoba kitenge sehemu ya mfuko kwa mkopo wa jiko. Tuanze na nyumba kumi, zenye watoto wadogo au mgonjwa wa kifua ziwe za mwanzo. Tununue kwa pamoja ili tupunguziwe bei, na tuhakikishe kifaa kina hati ya udhamini. Marejesho ya kila wiki yasizidi fedha ambayo nyumba hiyo imeacha kununulia mkaa, na hilo tutalijua kwa sababu kila nyumba itapima kwanza mwezi mmoja, kwa daftari, kama nilivyofanya mimi. Asiyetaka mkopo aandike tu, aloweke mbaazi, ashone kapu. Usufi ninao gunia moja, nimeuleta, atakayehitaji achukue.

Daftari hili hapa. Kurasa za mwanzo ni za nyumba yangu, zisomeni, sikuficha kitu. Kuanzia ukurasa wa 20 ni tupu, nimechora mistari kumi ya majina. Mwekahazina, kabla funguo tatu hazijaingia kwenye sanduku, naomba ulipitishe kuanzia kwa mama aliyekaa pale chini ya mwembe na mtoto anayekohoa.

Ahsanteni.